Ukishameza, Si Lako Tena

Mpira ulipita pua ya kushoto kwa sababu ya kulia ilikuwa imeziba kwa mafua. Ulikuwa mwembamba kuliko kidole changu kidogo, umepangwa vihisio 36 vya kupima mbano wa misuli, kila kimoja sentimita moja kutoka kwa mwenzake, na ulitakiwa ushuke hadi ncha yake iingie tumboni. Mwalimu wangu, mama wa Kiingereza mwenye subira ya mvuvi, aliniambia nimeze. Nikameza. Machozi yakanitoka, kamasi zikanitoka, mpira ukaenda. Hiyo ilikuwa wiki yangu ya pili Whitechapel, mashariki ya London, na maabara ile ilikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: humwekei mgonjwa mpira kabla hujauonja mwenyewe.

Nilipotulia wakanigeuzia skrini. Nikapewa mililita 5 za maji. Wekundu, rangi ya mbano mkali, ulianzia juu kooni ukateremka kwa mshazari, kama mvua ya upepo, na kule chini mkanda wa vali inayolinda tumbo, uliokuwa umekaza muda wote, ukafifia ukawa bluu. Yote hayo ni kama sekunde 8. Kilichonishangaza ni kwamba vali ilianza kulegea nikiwa ndiyo kwanza nameza, maji yakiwa bado yako juu kabisa. Mlango hufunguliwa mgeni akiwa bado yuko barabarani.

Hapo nikamkumbuka mama wa Pangani, na aibu ikanishika nikiwa nimelala chali na mpira puani.

Alikuja kwangu miaka kadhaa kabla ya hapo, nikiwa daktari mpya katika hospitali ambayo sitaitaja. Mwembamba, kanga mbili, mkononi chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo lebo yake ilishabanduka zamani. Nikamwamkia, akaitikia, nikamuuliza anasumbuliwa na nini. Akaweka kidole katikati ya kifua.

"Chakula kinashuka mpaka hapa, mwanangu. Kinabisha hodi. Mwenye nyumba hafungui."

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na sijakuta maelezo bora ya ugonjwa wake kuliko hayo. Mimi nikaandika "vidonda vya tumbo" na kumpa omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali. Kwetu vidonda vya tumbo ni kapu: ukikosa pa kuweka jambo, unalitia humo.

Akarudi. Nikamwongezea dozi. Akarudi tena, amepungua zaidi, akasema usiku chakula cha mchana kinamrudia kwenye mto, hakina uchungu wala ukali, ni kama hakijawahi kufika tumboni. Ningekuwa nasikiliza, neno hilo peke yake lingenitosha: chakula kilichofika tumboni hurudi kichungu. Nikampeleka mjini akapimwe kwa kumeza kamera. Karatasi ikarudi imeandikwa hakuna kidonda, hakuna uvimbe. Nilifurahi kweli kweli. "Mama, huna kitu."

Akanitazama. "Basi hicho kinachorudi usiku ni cha nani?"

Kwenye faili nikaandika mawazo.

Nyumbani kwake, kama nilivyokuja kujua baadaye, kulikuwa na maelezo mengine. Dada zake walisema kalishwa kitu. Jirani, kwa jinsi alivyokonda, akawa na lake la kunong'ona, na mama wa watu akapima damu mara tatu ili awanyamazishe. Wakwe zake walichoshwa na ulaji wake: anakula amesimama, anameza tonge, anapiga funda la maji, anazunguka uani ameinua mikono juu, saa nzima baada ya wenzake kunawa. Daktari naye anasema hana kitu. Akaacha kuja kliniki.

Ugonjwa wake unaitwa akalasia, neno la Kigiriki lenye maana ya kutolegea. Ni wa nadra, huwapata kama mtu 1 katika kila 100,000 kwa mwaka, na hilo ndilo tunalojitetea nalo madaktari. Vali ya chini ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ina neva za aina mbili, zinazoikaza na zinazoilegeza, na katika akalasia zinazokufa ni hizi za kulegeza. Msuli wenyewe ni mzima, ila hakuna wa kuuambia uachie. Na umio wote juu yake, ule wa kusukuma, unapoteza mpangilio. Kamera haioni haya. Nyama ni nyekundu, laini, nzuri, na mlango unaokikatalia chakula humpisha daktari akiusukuma kidogo tu. Nilikuwa nimepiga picha gari lililoegeshwa, nikatoa cheti kwamba linatembea.

Ugonjwa wenyewe si mpya. Thomas Willis, tabibu wa Kiingereza, aliandika habari za mgonjwa wa namna hii katika karne ya 17. Alimtengenezea fimbo ya mfupa wa nyangumi yenye sifongo nchani, na mtu yule akawa akila, anajisukumia chakula tumboni kwa fimbo. Nilipolisoma hilo maktabani nilicheka kwa sauti, kisha nikanyamaza. Willis alimsikiliza mgonjwa wake. Hakuwa na kamera ya kumdanganya.

Miaka ya masomo sitaieleza sana. Fomu za ridhaa, kamati za maadili, baridi, takwimu zilizokataa kukaa sawa, Jumapili nyingi za kuhesabu mawimbi ya watu nisiowajua. Nilichokuwa nakitafuta ni kitu kidogo. Theluthi ya juu ya umio, kwa kukadiria, imejengwa kwa msuli wa aina ile ile ya mkono na ulimi, ile unayoiamuru. Huko chini ni msuli laini, usiopokea amri ya mtu. Katikati kuna mahali ambapo msuli mmoja unamkabidhi mwenzake, na kwenye skrini mara nyingi huonekana kama pengo katika wimbi. Mimi nilikuwa mtafiti wa pengo hilo. Kuanza kumeza ni hiari yako. Tonge likivuka hapo halirudi kwenye mamlaka yako tena.

Kutoka Whitechapel unaweza kupanda basi hadi Gower Street, kilipo Chuo Kikuu cha London kiitwacho University College, ambako mwaka 1899 wanafiziolojia Bayliss na Starling waliandika kuhusu utumbo wa mbwa. Walikuwa mashemeji, Bayliss amemwoa dada yake Starling, na nimewahi kuwaza mazungumzo yao ya chakula cha Jumapili yalikuwaje. Waligundua kwamba ukigusa utumbo mahali fulani, nyuma ya hapo unabana na mbele yake unalegea, hata ukiwa umekata neva zote zinazotoka nje. Utumbo una ubongo wake. Kuwaeleza wanafunzi wa Tanga jambo hili sihitaji mchoro. Kila mmoja amekula barafu ya ubuyu ya kifuko: unabana chini, inapanda juu. Ila kifuko kikifungwa fundo mdomoni unaweza kubana mpaka kikupasukie.

Nikiwa huko nilishuhudia jambo ambalo mpaka leo sijalizoea. Kulikuwa na mzee wa Kibengali wodi ya mifupa, amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Siku ya nne tumbo lilimvimba likawa ngoma. Picha zilionyesha utumbo mpana umetanuka vibaya, na hakuna kilichoziba. Ulikuwa umesimama tu, kama soko siku ya msiba. Daktari mkuu akaagiza neostigmini, dawa ya kuamsha misuli ya utumbo, miligramu 2, taratibu kwenye mshipa, mashine ya moyo imewashwa, atropini ya kuukimbiza moyo ukizubaa ipo mkononi. Jaribio lililochapishwa 1999 lilikuwa na wagonjwa 21: kati ya 11 waliopewa dawa, 10 walifunguka, na wa katikati alisubiri dakika 4, kati ya 10 waliopewa maji ya chumvi hakufunguka hata mmoja. Nilikuwa nazijua namba hizo kwa moyo. Hazikunitayarisha kwa sauti. Muuguzi alikimbilia beseni, na mzee, macho yamemtoka, akamshukuru Mungu kwa Kiarabu, akafuatisha Kibengali, kisha Kiingereza.

Dawa ile ina ukoo wa Kiafrika. Calabar, kusini mashariki ya Nigeria ya leo, kulikuwa na kunde ya sumu waliyonyweshwa watuhumiwa wa uchawi. Aliyetapika akapona ndiye aliyeonekana hana hatia. Huku kwetu wazee waliita mwavi, ingawa mti ni mwingine na sumu ni nyingine. Kutoka kunde hiyo ilipatikana fisostigmini, na mwaka 1934 daktari mmoja wa kike, Mary Walker, akifanya kazi hospitali ya Greenwich isiyo na jina kubwa, alimchoma nayo mgonjwa wa misuli asiyeweza kufumbua macho vizuri. Macho yakafumbuka. Neostigmini ni ndugu mdogo wa dawa hiyo, iliyotengenezwa maabara. Sumu ya kusakia wachawi ikawafunulia madaktari jinsi neva inavyozungumza na msuli.

Hilo lilinifaa niliporudi. Siku moja Tanga aliletwa ustadhi wa madrasa. Alfajiri alikuwa akisoma sauti imenyooka, wanafunzi wakapangika. Adhuhuri sauti inaanza kupitia puani. Magharibi maneno hayaeleweki, kope la kushoto limeanguka, na akinywa maji yanamtokea puani. Usiku akilala vizuri, asubuhi ni mzima. Watu wake walishakubaliana kwamba ni jini, tena jini mwenye saa. Na mtu akipoa kila alfajiri na kuharibika kila jioni, utalaumu vipi waliofikiria hivyo? Alishapimwa kiharusi, kamera alishameza, na hakuna kilichoonekana kwa sababu vipimo vyote alifanyiwa asubuhi.

"Ustadhi," nikamwambia, "nisomee kidogo."

Akasoma. Nikamwacha aendelee. Aya ya kumi na kitu sauti ikaanza kuchuja, kope likashuka mbele ya macho yangu. Nikamtuma kijana dukani akanunue barafu ya kifuko. Ilikuja ya ukwaju. Nikaifunga kwa leso, nikamwekea juu ya jicho dakika 2. Nilipoiondoa, kope lilikuwa limepanda. Baridi hupunguza kasi ya kimeng'enya kinachofagia asetilikolini, ule ujumbe ambao neva huutuma kwa msuli, kwa hiyo ujumbe hukaa mlangoni muda mrefu kidogo. Kipimo hiki kimo vitabuni, sikukibuni mimi. Ila ukwaju haumo.

Mwanawe akaniuliza kama ni dua nimesoma.

Ugonjwa huo ni maiasthenia. Kinga ya mwili inashambulia vipokezi vya msuli, na msuli unachoka kadiri unavyotumika. Willis, yule yule wa fimbo ya nyangumi, anahesabiwa kuwa wa kwanza kuueleza, mwaka 1672, kwa habari za mwanamke aliyezungumza vizuri mpaka alipozungumza sana, akawa bubu kwa saa moja au mbili. Nikampa ustadhi piridostigmini, dawa ya ukoo ule ule wa neostigmini, ambayo nguvu yake huisha baada ya saa 3 au 4 hivi, na baadaye dawa za kutuliza kinga. Ramadhani ilipofika tukabishana. Nilijiandaa kwa maneno matamu kuhusu mgonjwa kuruhusiwa kula. Akanikatiza: "Kijana wangu, hukumu naijua kuliko wewe. Ninachokuuliza ni dawa, siyo dini." Nikamjibu kuhusu dawa: saa 13 bila kidonge angekuwa hatarini kupaliwa wakati wa kufuturu. Akakaa kimya, akasema sawa, atalisha maskini.

Naogopa msomaji adhani nawadharau waliotaja mawazo na majini. Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Kimarekani, alimtazama paka kwa eksirei mwishoni mwa karne ya 19, akaona kwamba paka akikasirishwa mawimbi ya tumbo yanasimama palepale. Kwa hiyo huzuni na hofu hugusa tumbo, kila aliyewahi kusubiri matokeo ya mtihani analijua hilo. Kosa langu halikuwa kutaja mawazo. Niliyataja kama mlango wa kutokea, ili mgonjwa aondoke.

Na jicho linadanganya hata pale linapoona. Mtoto mmoja kati ya 5,000 huzaliwa utumbo mpana wa chini hauna kabisa chembe za neva, na mara nyingi choo cha kwanza, kile cheusi kama lami, kinapita saa 48 hakijatoka. Harald Hirschsprung wa Copenhagen aliueleza ugonjwa huo Berlin mwaka 1886. Kwa zaidi ya miaka 50 baada ya hapo madaktari wa upasuaji walikata sehemu iliyovimba, maana ndiyo iliyotisha kwa sura. Iliyovimba ndiyo ilikuwa nzima, inahangaika kusukuma. Mbovu ilikuwa ile nyembamba ya chini iliyokaa kistaarabu. Swenson, daktari wa upasuaji wa Kimarekani, ndiye aliyeanza kuikata hiyo, na kazi yake ikachapishwa 1948.

Hospitali niliyorudia haikuwa na mashine ya mpira wa vihisio. Nilikuwa na chumba cha eksirei, bariamu, ule uji mweupe unaoonekana kwenye picha, na saa ya simu yangu. Mgonjwa anasimama, anakunywa kati ya mililita 100 na 200, unapiga picha dakika ya 1, ya 2 na ya 5, unapima urefu wa safu iliyobaki. Basi. Mtaalamu wa picha alinidharau mwanzoni, akadhani nimerudi kutoka Ulaya na mambo ya kizamani, mpaka alipoona safu ya kwanza iliyogoma kushuka. Tangu hapo yeye ndiye anayenipigia simu.

Swali linalonisumbua zaidi sasa ni chakula. Kupima mwendo wa tumbo kwa kipimo cha kimataifa, mgonjwa anakula ute wa yai, vipande 2 vya mkate na jemu, kisha anafuatwa kwa saa 4; ikibaki tumboni zaidi ya asilimia 10 ya chakula hicho, tumbo linachelewa. Viwango vyake vilipatikana kwa watu wazima 123 katika vituo 11 vya Marekani, Kanada na Ulaya. Sina ugomvi nao. Lakini mgonjwa wangu akisema "ninajaa", anasema juu ya dona na dagaa, na hakuna aliyewahi kumwekea dona saa. Nilipoanza kuwapa wauguzi ugali uliopimwa kwa mizani, walilalamika kwanza kuhusu kiasi, pili kuhusu kukosekana mboga. Kazi hiyo inaenda polepole, na nimekubali iende hivyo.

Mama yangu mzazi alinifunza kitu katika hili bila kujua. Nilimweleza kwa simu kwamba London tunawalaza watu chali wameze maji. Akauliza, "Mnawanywesha watu wazima wamelala kama maiti? Nani anakula hivyo?" Nikamcheka. Mwaka 2021 mwongozo wa kimataifa wa kusoma vipimo hivi, toleo la 4, ukataka mgonjwa apimwe akiwa amelala na akiwa wima. Mama hakutajwa kwenye shukrani.

Mama wa Pangani nilimtafuta. Haikuwa rahisi, faili lilishaliwa na mchwa, na muuguzi mstaafu aliyejua ukoo wake ndiye aliyenifikisha. Ilikuwa imepita miaka tisa. Alinitambua kabla sijajitambulisha. Nilisema niliyokwenda kuyasema, kwamba nilimkosea. Akaniacha nimalize, akaagiza niletewe chai.

"Nilikwambia hodi," akasema. "Wewe ukatazama karatasi."

Tulianza upya. Dakika ya 5 safu ya bariamu ilikuwa imesimama ilivyokuwa dakika ya 1, chini imechongoka kama mdomo wa ndege, na umio juu yake umetanuka kama soksi kuukuu. Kamera alimeza tena, kwa sababu saratani ya umio inaweza kuiga akalasia, na ukanda huu wetu kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini unaijua saratani hiyo kupita kiasi. Haikuwemo. Akafanyiwa upasuaji ambao daktari Heller aliufanya kwanza Ujerumani mwaka 1913: unachanjwa msuli wa vali bila kutoboa utando wa ndani, kisha, kwa nyongeza iliyokuja baada ya Heller, sehemu ya tumbo inakunjwa pale kuzuia tindikali isipande.

Nilimweleza mapema ambacho upasuaji haufanyi. Neva zilizokufa hazifufuki, umio hautasukuma tena. Tunabomoa mlango, chakula kinaanguka chenyewe kwa uzito wake. Kwa hiyo ale ameketi wima, atafune sana, asilale mara tu baada ya kula, mito iwe juu. Alisikiliza yote akaniuliza swali moja: je, atakula na wenzake?

Nilikwenda Pangani miezi mitano baadaye. Ulikuwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, mkekani, wakwe wote wapo. Nilijikuta nahesabu sekunde kila alipomeza, tabia mbaya ambayo mke wangu ameipigia kelele miaka. Alimaliza wa pili kutoka mwisho. Wa mwisho nilikuwa mimi.

Chupa ilikuwa pembeni yake, imejaa. Nikamuuliza kama bado anaihitaji kusukumia chakula. Akasema mara mojamoja, kwa mkate. Mbona basi hata dukani anatembea nayo?

"Mwanangu," akasema, "Pangani kuna joto."